Mrejesho: Tiki ya buluu kwa akaunti ya mapishi

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa nitapataje tiki ya buluu, ile alama ya kuonyesha akaunti ni ya mwenyewe kweli, kwa akaunti zangu za mapishi ya Pwani, na wengi mlinijibu. Asanteni sana.

Instagram nimefaulu. Nilifuata ushauri wa kujiunga na Meta Verified, ile huduma ya Meta (wenye Instagram) ya kulipia kila mwezi: nikawasha uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo wa ziada), nikapiga picha kitambulisho cha taifa, kisha video ya uso. Aliyesema jina la wasifu lisome sawasawa na la kitambulisho ndiye aliyeniokoa. Jina la biashara nimelibakiza kwenye yuzaneimu tu. Picha pia wekeni mnayoipenda mapema, maana ukiibadilisha baadaye unahakikiwa upya.

Kwenye TikTok, mtandao wa video fupi, nimegonga mwamba. Huko tiki haiuzwi. Wanataka vyombo vya habari viwe vimekuandika, na makala uliyolipia ili yachapishwe hayahesabiki. Mimi nina mahojiano mafupi ya redio ya hapa Mombasa, basi. YouTube sijagusa, hadi ufikishe wafuatiliaji 100,000 ndipo uombe.

Kuna mmoja alinifuata faraghani akidai ana mtu wa ndani. Nilipomuuliza bei, akataka kwanza zile tarakimu 6 za kuingilia akaunti zilizoingia kwenye simu yangu. Mlishanitahadharisha, nikamfungia palepale.

Watazamaji? Wako vilevile. Ila wenye mikahawa nikiwaandikia kuhusu matangazo, siku hizi hawaniulizi tena kama akaunti ni yangu kweli.