Mdogo wangu kaitiwa kazi kwenye meli ya kitalii, mama kagoma. Nimjibu nini?

Mjukuu_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaozijua meli kubwa.

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza chuo cha hoteli akabaki anazurura mtaani. Sasa kuna wakala kamtafutia kazi ya uhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii, yale maghorofa yanayotoka Miami na kuzunguka visiwa vya Karibi. Dogo hata usingizi hapati kwa furaha. Shida ni mama. Sisi watu wa Ujiji maji si kitu kigeni kwetu, lakini mama alikuwa Mwanza mwaka 1996 wakati meli ya MV Bukoba inapinduka. Tangu hapo hata boti ya Kibirizi kwenda Kagunga hapandi, achilia mbali kumruhusu mwanawe aende kulala baharini miezi minane.

Kasema nikimjibu hoja zake atamwachia mtoto. Ghorofa zote hizo zikikaa juu ya maji, kwa nini lidude lisilale ubavu? Likishika moto katikati ya bahari, watu wanakimbilia wapi? Uchafu wa watu elfu kadhaa unakwenda wapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi? Na mtu akifa huko, ndiyo anatoswa?

La mwisho ni langu mimi. Wakala anataka milioni moja na nusu ya "kushughulikia faili" kabla ya mwezi kuisha. Ni kawaida?

Nawasilisha.

Kasulu_Original

Milioni na nusu umeiweka mkiani kama vile ni salamu za mwisho. Mkuu, hiyo ndiyo mada. Hayo ya choo yanaweza kusubiri.

Fundi_Dizeli

Mimi nimekula mafuta ya injini za meli za ziwa letu hili la Tanganyika, kwa hiyo swali la kwanza la mama niachieni.

Bukoba ilibeba watu na mizigo kupita kipimo, na uthabiti wake tangu zamani ulikuwa na walakini. Mama hakuota, aliona. Ila kinachoangusha meli si urefu wake, ni uzito kukaa mahali pabaya. Kwenye meli ya kitalii unachokiona juu ni vyumba, vioo, mabwawa na vyuma vyepesi, sehemu nyingine alumini. Mzigo wenyewe uko chini usipouona: injini, jenereta, matangi ya mafuta, matangi ya maji, na farumi, yaani maji ya kuituliza meli, ambayo pampu zinaihamisha upande huu na upande ule. Mafuta yakipungua safarini, kuna matangi yanajazwa maji ili chini pasibaki pepesi.

Halafu kuna upana. Meli ya kitalii ya Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365, lakini sehemu iliyozama majini haifiki mita 10. Watu wakisikia hivyo wanashtuka zaidi. Wasishtuke. Meli pana ikiinamishwa na upepo, ubavu wa upande ule unazama zaidi, maji yanausukuma kwa nguvu kubwa zaidi, inarudi ilipokuwa. Mwambie mama akumbuke mtumbwi: abiria wakikaa sakafuni umetulia, wakisimama wote kwa pamoja kuchungulia kitu upande mmoja, anajua kinachofuata.

Mapezi ya pembeni utakayoyasikia yanatajwa kazi yake ni kupunguza kuyumba ili watu wasitapike chakula walicholipia. Hata yakifungwa ndani, meli haipinduki.

Na hili umwambie mama kwa fahari. Meli yetu ya Liemba ilijengwa mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipande, ikaletwa ikaungwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wameshaipaka injini grisi isiingie kutu. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Karakana hiyohiyo ya Papenburg leo ndiyo inayounda baadhi ya meli kubwa za kitalii duniani. Kwa hiyo sisi na hao jamaa tuna fundi mmoja.

Kijana_wa_Mwanga

Si waziingize hizo meli hapa ziwani na sisi tupande? Kina tunacho.

Fundi_Dizeli

Kina tunacho sana, mita 1,470. Ila ziwa liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari. Ipande mlima? Hata Liemba ilikuja katika makasha.

Mama_wa_Gungu

Fundi umesema vizuri, lakini Titanic nayo ilikuwa na mafundi. Na ile ya Italia ya juzijuzi tuliiona kwenye taarifa ya habari imelala ubavu kabisa. Mzazi akikumbuka zile picha usimlaumu.

Baharia_Mstaafu

Dada, hoja yako ni nzito na naijibu kwa urefu, maana nilifanya kazi hiyohiyo ya uhudumu wa vyumba kabla sijarudi nyumbani.

Titanic, 1912: ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua za kuokolea za watu 1,178. Na ilikuwa ndani ya sheria! Kanuni za Uingereza wakati ule zilihesabu ukubwa wa meli, hazikuhesabu watu. Kutokana na msiba ule mataifa yakakaa mwaka 1914 kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, ambao umeandikwa upya na kurekebishwa mara nyingi hadi leo. Sasa meli ya abiria inayokwenda nchi za nje lazima iwe na nafasi kwenye mashua na maboya ya kujipuliza kwa watu wote waliomo, na ziada ya asilimia 25 juu yake. Ziada hiyo ipo kwa sababu meli ikilala, mashua za upande mmoja zinaweza zisishuke.

Na ndicho kilichotokea kwa ile ya Italia, Costa Concordia, usiku wa tarehe 13 Januari 2012. Nahodha aliisogeza karibu mno na kisiwa cha Giglio, mwamba ukachana ubavu. Nafasi za mashua zilikuwepo. Kilichokosekana ni amri: ilipita zaidi ya saa nzima ndipo watu wakaambiwa waiache meli, na wakati huo ilishaanza kuinama. Katika watu zaidi ya 4,200, walikufa 32. Nahodha alihukumiwa miaka 16 jela. Tena wapo abiria waliopanda siku ileile ambao hawakuwa wamefanyishwa zoezi la dharura. Zamani sheria ilitoa saa 24 tangu kupanda, sasa zoezi linafanyika kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Usipokwenda unaitwa kwa jina.

Sasa moto, maana baharini moto ndio unaotuogopesha kuliko maji. Hakuna kukimbilia popote, kwa hiyo meli imegawanywa kwa kuta za chuma kutoka chini hadi juu, na milango yake inafungwa kutoka chumba cha uongozaji. Moto unafungiwa kwenye kipande chake, watu wanahamishiwa kipande kingine, vinyunyizio vya maji vinafunguka darini. Wazimamoto ni mabaharia wenyewe, wapishi na watu wa injini humohumo. Ukipanda na pasi au birika lako la umeme, walinzi wanaliona kwenye mashine ya ukaguzi na kulizuia. Mimi nimekusanya mishumaa ya siku za kuzaliwa kwenye vyumba vya abiria hadi nikachoka.

Dogo asidhani kazi yake ni mashuka tu. Siku ya kwanza atapewa kadi yenye namba ya kazi yake ya dharura. King'ora kikilia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, anaacha taulo pale pale. Pengine atapangwa kwenye ngazi kuelekeza watu, pengine kukagua vyumba kimoja kimoja, au kuhesabu abiria kwenye kituo cha kukusanyikia. Na mazoezi ni kila mara, hata siku ambayo umetoka zamu na macho yanafumba yenyewe.

Choo: kinanyonya kwa mvuto wa hewa, kelele yake mgeni anaruka. Maji machafu yanakwenda kwenye mtambo wa kusafisha ndani ya meli. Yasiyosafishwa hayaruhusiwi kumwagwa chini ya maili 12 za baharini kutoka ufukweni, na kampuni nyingi husafisha kwanza. Maji ya kunywa wanatengeneza kutokana na bahari, ama kwa kuyachemsha kwa joto la injini na kukusanya mvuke, ama kwa kuyasukuma kwenye vichujio vinavyozuia chumvi.

Kufa: kuna zahanati yenye daktari na wauguzi, na kuna chumba kidogo cha baridi cha kuhifadhia mwili mpaka bandarini. Habari ya kutoswa ni ya hadithi za zamani.

Mimi nikiwa mama, ningemuuliza mambo mengine. Atalala kabini ndogo isiyo na dirisha, vitanda vya juu na chini, na mtu asiyemjua. Hakuna Jumapili hadi mkataba uishe. Kanuni inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, fanyeni hesabu wenyewe zilizobaki ni ngapi. Na kuna kirusi cha kuharisha na kutapika kinachopenda meli kuliko kitu chochote. Kikiingia, mhudumu wa vyumba ndiye anayesugua vitasa usiku kucha. Kunawa mikono kwa sabuni huko ni ibada, dawa ya kupaka peke yake haikitoi.

Bint_Katonga

Bahari imeelezwa vizuri, sasa turudi kwa Kasulu_Original, maana alisema kweli tukampita.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 uko wazi: wakala haruhusiwi kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi. Anachoweza kujilipia mtafuta kazi ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni gharama ya mwenye meli. Hiyo "kushughulikia faili" ni nini basi?

Binamu yangu alilipa mtu wa namna hiyo, akapanda treni hadi Dar, akakaa kwa shangazi anasubiri tiketi ya ndege. Kila wiki anaambiwa wiki ijayo. Baadaye simu ikawa haipatikani.

Mjukuu, kabla hujatoa hata mia, dai jina la meli, jina la kampuni inayoimiliki, na nakala ya mkataba yenye mshahara na nani analipa nauli ya kurudi. Umuulize wakala kibali chake cha kupeleka watu kazini nje, kisha uende TAESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ukathibitishe. Akikuharakisha kwamba nafasi zinaisha, umeshapata jibu.

Kasulu_Original

Nashukuru kwa kutambuliwa.

Baharia_Mstaafu

Naunga mkono. Mimi sikumlipa mtu. Nililipia pasipoti, vipimo na kozi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na namna ya kuishi na kufanya kazi melini. Inafundishwa pale chuo cha bahari Dar, DMI. Kampuni nyingine zinafundisha zenyewe baada ya kumchukua mtu, kwa hiyo aulize kwanza asilipie mara mbili. Kwenye kozi unavaa jaketi la kuokolea, unaruka majini kutoka juu, na unageuza boya lililopinduka. Dogo anajua kuogelea?

Mjukuu_Ujiji

Kuogelea anajua, kakulia Kibirizi huyo. Nimemsomea mama majibu yote. La meli kulala kalielewa haraka, la moto kaniambia nirudie. Ya Papenburg alicheka, akasema kumbe Liemba ina ndugu matajiri. Lakini aliposikia habari ya binamu wa Bint Katonga akainuka, akasema mtoto kumwachia atamwachia, milioni na nusu hatoi, na huyo wakala aje mwenyewe Ujiji ajieleze kwa mdomo wake.

Kesho asubuhi nampigia nimuulize jina la meli na kibali. Nitaleta mrejesho.