Toni ya grunge: DS-1, Big Muff au RAT kwenye ampu ya transista?

nyuzi_sita:
Habari zenu wakuu, wataalamu wa pedali (visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa) naombeni msaada. Gitaa langu ni la staili ya Strat, pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) za koili moja moja, na ampu ni ya transista wati 40, chaneli safi yake tamu sana ila chaneli ya disto (sauti iliyochafuliwa) inatoa sauti ya nyuki kwenye chupa. Natafuta grunge, ile roki ya Seattle mwanzoni mwa miaka ya 90, hasa bendi za Nirvana na Mudhoney, inakwaruza lakini kodi bado unazisikia. Hela inatosha pedali moja tu na kichwani nina tatu, Boss DS-1, Big Muff na ProCo RAT. Bendi tuko watatu, ngoma, besi na mimi. Nichukue ipi?

kelele_halali:
DS-1 mkuu, usizunguke. Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa nayo enzi za albamu za Bleach na Nevermind, baadaye ndo akahamia DS-2. Inatengenezwa tangu 1978 mpaka leo kwa hiyo hata ya mtumba unapata. Weka ampu chaneli safi, nobu ya Dist (kiasi cha disto) nusu au zaidi kidogo, Level (ukubwa wa sauti) ipandishe, ila Tone usivuke nusu maana na hizo pikapu zako ukivuka hapo itakuchoma masikio. Mimi yangu inakaa robo hivi na inatosha kabisa.

dada_fazi:
Ametaja Mudhoney halafu unampa DS-1? 😀 Wale EP yao ya 1988 inaitwa Superfuzz Bigmuff, yaani wamechukua majina ya pedali zao mbili wakabandika kwenye jalada, hakuna ushahidi zaidi ya huo. Hata kwenye Nevermind yenyewe gitaa la wimbo wa Lithium lilipita kwenye Big Muff. Ukipiga kodi moja inabaki imening'inia hewani, DS-1 haikupi unene huo hata ufanyeje.

fundi_wa_ampu:
Ndugu zangu, jamaa kasema ana bendi, hapo ndo pa kuanzia. Big Muff inachimba shimo kwenye midi (sauti za kati), na midi ndiko gitaa linakoishi, huko chini besi kashakaa, huko juu matoazi yanapiga kelele, sasa wewe ukiondoa midi unabaki wapi? Chumbani peke yako utaisikia nene balaa, ukifika mazoezini dramu wakianza tu umepotea, unaongeza sauti, mpiga besi naye anaongeza, mwisho wote hamsikiki. DS-1 nayo ina kashimo kake ila si kwa kiasi hicho. RAT ndo inabaki na midi, inakwaruza vizuri na inapenya. Ila angalia kitu kimoja, nobu yake ya Filter inaenda kinyume, ukizungusha kulia trebo (sauti kali za juu) inapungua, watu wengi wanaizungusha kama Tone ya kawaida halafu wanasema pedali ni kali mno.

Na jambo lingine ambalo watu hawalipi uzito, Cobain kwenye steji hakuwa na pedali tupu, disto ilikuwa inaingia kwenye preampu ya Mesa/Boogie halafu pawa ampu kubwa halafu makabati ya spika. Kwa hiyo usitegemee pedali ifanye kazi yote, midi ya ampu yako ipandishe ivuke nusu KABLA hujagusa pedali yoyote.

nyuzi_sita:
Asante sana fundi, hapo kwenye midi umenifungua macho, mimi muda wote nilikuwa naishusha ili isikike nzito. Swali, zile nyimbo zinazoanza taratibu halafu kiitikio kinalipuka, mimi nikikanyaga pedali sauti inakuwa chafu lakini hailipuki, tatizo nini?

fundi_wa_ampu:
Level hiyo. Piga safi, kanyaga, sikiliza, ukiwa na disto lazima sauti iruke juu kidogo kuliko ilipokuwa safi. Na punguza Dist, ikizidi inabana kila kitu, ukipiga kwa nguvu au kwa upole sauti ni ileile na mlipuko unakufa. Ule unene unaousikia kwenye Nevermind prodyuza wake Butch Vig aliupata kwa kurekodi gitaa juu ya gitaa, sio kwa kujaza disto.

dada_fazi:
Nakubali la midi fundi, ila Big Muff sijaiacha. Nobu ya Sustain (kiasi cha fazi) chini ya nusu, Tone ipande kidogo, midi ya ampu robo tatu, inasikika vizuri tu na dramu. Anayetaka Mudhoney hawezi kuikwepa, RAT ni nzuri lakini ile fazi (disto nene) ya mchangamchanga haina. Halafu @nyuzi_sita koili moja zitanguruma na pedali yoyote kati ya hizi, kaa mbali na adapta na taa za tyubu, na hakikisha soketi ya ampu ina athi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Asije mtu akakushauri ukate athi ili mngurumo upungue, ampu ya umeme hiyo, inaua.

kelele_halali:
Kwa bendi ya watatu hata mimi sasa naunga mkono RAT, DS-1 ibaki chaguo la pili kama bei ya RAT itakushinda. Na kama mtapiga vitu vya bendi ya Soundgarden mtashusha uzi wa sita kutoka E kwenda D, sasa hiyo Strat kama briji yake (kishikio cha nyuzi) inaelea juu ya mbao ukilegeza uzi mmoja zile tano nyingine zinapanda, unatyuni mpaka kunakucha. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka briji ilale kwenye mbao, na weka nyuzi nene za 11 badala ya 9 maana zikishushwa zile nyembamba zinalegea na pitch inayumba kila ukipiga kwa nguvu.