Mrejesho: injini ya boti iliyolala miaka 6 imewaka

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kufufua injini ya boti ya marehemu baba, ya nguvu za farasi 15, iliyokaa stoo Kigamboni kwa miaka 6, nanyi mkanionya nisivute kamba ya kuiwashia kabla ya kuikagua. Nawashukuru kwa dhati. Nilifungua plagi, nikadondoshea oili kidogo ndani ya silinda, nikaizungusha kwa mkono hadi pistoni zikalegea. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo iliyonichosha: petroli ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu wa kahawia unaonata, na jeti, kitundu chake chembamba cha kupitishia petroli, imeziba kiasi kwamba hata nilipoielekeza juani sikuona mwanga tunduni. Impela ya pampu ya maji, yaani kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini, ilikuwa imekakamaa, mapanga yake yamepinda, nikaweka mpya. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama tui, dalili kwamba maji yalipenya kwenye sili, yaani mipira ya kuzuia maji, nazo nimezibadilisha. Jumamosi, ndani ya pipa la maji, kwa petroli mpya iliyochanganywa na oili kama kitabu chake kinavyoelekeza, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, iliwaka mvuto wa nne, na maji ya kupoza yakaruka kwa nguvu. Baharini bado sijaipeleka. Nataka kwanza niisikilize ikiunguruma taratibu kwa siku kadhaa.