Miezi minne baada ya UVIKO-19, nguvu hazijarudi: naombeni ushauri

Mwalimu, Kisumu: Hamjambo. Miezi minne iliyopita nilipimwa nikakutwa na UVIKO-19. Homa na kikohozi viliisha katika wiki mbili bila mimi kulazwa, lakini uchovu umekataa kuondoka. Nikipanda ngazi moyo hunienda mbio, na darasani hupotewa na neno ninalolijua vyema huku wanafunzi wakinitazama, jambo linaloniumiza kuliko yote. Siku ya nafuu hufua nguo za wiki nzima, kisha siku mbili zinazofuata hata sufuria siwezi kuiinua. Nyumbani wameanza kuniita mvivu. Je, nijikaze hadi mwili uzoee?

Mama wa Nakuru: Pole sana, mwalimu, na usijikaze. Mimi niliugua Juni 2021 nikiwa Busia, wakati kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na jirani zao zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni. Nilikuwa nikikimbia kila alfajiri ili pumzi irudi, na kila mara niliishia kitandani. Kilichonifaa ni kufua nguo chache nikiwa nimeketi, kisha kupumzika kabla sijachoka. Hapo ndipo penye ugumu, kwa maana siku ya nafuu hudanganya.

Muuguzi, Kakamega: Nakubaliana na mama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilieleza hali hii, iitwayo UVIKO ya muda mrefu (long COVID), kuwa dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, zikadumu angalau miezi miwili, na haziwezi kuelezwa na ugonjwa mwingine. Sharti hilo la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari na hitilafu za tezi ya shingoni pia huchosha mwili hivyo hivyo. Omba vipimo. Ukipatwa na maumivu ya kifua, ukizirai au ukikosa pumzi ukiwa umeketi, nenda hospitali siku iyo hiyo.

Mwalimu, Kisumu: Asanteni kwa moyo. Sijapimwa damu tangu homa iishe, nitakwenda Jumatatu. Mama, kazini ulieleweka vipi?

Mama wa Nakuru: Kwa wiki tatu niliandika daftarini kila kazi niliyoifanya na jinsi mwili ulivyoamka kesho yake. Daktari alilisoma, akaniandikia barua ya kupunguziwa saa za kazi. Lako lianze leo, usingoje Jumatatu.