Kuzunguka Dar kwa baiskeli Jumapili, inawezekana au najitafutia ajali?

Mgogo_Sinza
Wakuu habari za humu. Mi mtu wa Dodoma, niko Dar wiki mbili kwa binamu yangu Sinza. Hapa ndani kuna baiskeli ya mtumba ya Mjapani, gia sita ila zinazoingia ni mbili, breki ya nyuma inashika, ya mbele ni pambo. Dar nimekuja mara nyingi lakini Dar ninayoijua ni ile ya dirisha la daladala, yaani kwapa la mtu halafu kipande cha bahari kwa mbali.

Sasa Jumapili nataka niijue vizuri. Nimepanga nitoke saa tatu baada ya chai, niende Kunduchi nikaone magofu, nirudi ufukwe wa Coco nile mihogo, nipite Posta nikaione sanamu ya Askari, nivuke na pantoni niogelee Kigamboni, jioni nirudi kwa Daraja la Kigamboni. Binamu ananicheka anasema Mwenge tu sifiki mzima. Pantoni inabeba baiskeli? Nikiingia kwenye maji baiskeli namwachia nani? Na hili joto lenu linabebekaje?

MzeeWaSpoku
Karibu Dar kijana. Hiyo plani yako ni ya siku mbili na mapaja ya mtu mwingine 😂

Kosa la kwanza ni saa tatu. Dar ya baiskeli inaanza saa kumi na mbili na kufika saa nne imefungwa, baada ya hapo lami inakupikia chini na jua linakupikia juu. Mwezi huu wa nane jua linachomoza kama kumi na mbili na nusu, we kukikucha tu uwe barabarani, Jumapili muda huo hata Bagamoyo Road unaisikia kengele yako mwenyewe.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na hakuna anayekwambia: hujaangalia upepo. Sasa hivi ni kusi, unatoka kusini-mashariki, alfajiri umelala lakini ikifika saa tano unavuma kweli kweli. Ukienda Kunduchi asubuhi utaruka kama ndege, utajiona bingwa, afu wakati wa kurudi umechoka na jua la utosi ndo upepo unakupiga kifuani kuanzia Mbezi Beach mpaka Mikocheni. Nimeshamuona mtu mzima kashuka anasukuma kwenye barabara iliyonyooka, tena hana pancha. Kusi unauendea asubuhi ukiwa na nguvu, jioni unakurudisha nyumbani. Maana yake miezi hii ni mjini na Kigamboni, Kunduchi waachie wa kaskazi kuanzia Disemba huko, ule unatoka upande wa pili. Magofu yenyewe yapo tangu karne ya 15, yatakusubiri.

Njia: Sinza, Bamaga, vuka uingie Mikocheni kwa ndani, Msasani, Oysterbay, utokee Toure Drive. Hapo bahari iko kushoto kwako muda wote. Unaiacha Coco (mihogo saa hizo bado iko kwenye viroba) unakuja Daraja la Tanzanite, lile la 2022 lililopita juu ya maji, urefu kama kilomita. Pembeni wanakimbia watu wa mazoezi, mi huwa nashuka nasukuma, si kwa uoga, bali pale jua linatoka kwenye maji ubavuni kwako na ukipita mbio umepoteza. Unashukia Aga Khan, unafuata Barack Obama Drive, unapita hospitali ya Ocean Road waliyojenga Wajerumani, unapita nyuma ya Ikulu (usisimame wala usitoe simu, pita tu kama unawahi kanisani) mpaka Feri.

Pantoni inabeba baiskeli bila shida, unailipia mbali na ya kwako. Ukiingia simama pembeni ushike breki maana yakianza kushuka magari watu wote wanakimbia kama wanafukuzwa.

konda_mstaafu
Mzee kamaliza njia, mi nakupa ya kukuokoa roho, nimening'inia mlangoni miaka tisa. Usimwangalie dereva wa daladala, dereva hajui anasimama wapi mpaka aambiwe. Msikilize konda. Ukisikia "shusha!" au anagonga bodi, hiyo gari inakuja kushoto kwako sasa hivi, na kushoto ndo ulipo wewe. Usijaribu kuiwahi kwa kushoto, abiria anashukia begani kwako. Subiri nyuma, hesabu tano, itaondoka.

Na barabara ya mabasi ya mwendokasi usiingie hata kama iko tupu inakuita. Lile basi halipigi kona na askari hawana utani hapo. Morogoro Road walitengeneza njia ya baiskeli pembeni toka awamu ya kwanza ya mradi wa mwendokasi, shida ni kwamba kuna bodaboda wamepaki, kuna meza ya soksi, kuna mama anakaanga samaki, utashuka shuka mpaka uchoke.

BabaKenzo
Mkuu hiyo nguvu kanunue juisi ya miwa upande bajaji, mji utauona vizuri tu

dada_wa_Upanga
Baba Kenzo tuache sisi wenye magoti 😅

Kaka Mgogo, hawa wanakupitisha mjini kama maiti anawahishwa. Ukifika Feri usipande pantoni kwanza, rudi nyuma kidogo ufuate Kivukoni Front, utapita Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa yote mawili ya enzi za Mjerumani, Jumapili asubuhi kwaya inakufikia barabarani. Kata uende Samora ukamuone Askari wako, yupo pale tangu 1927, singe yake inaelekea bandarini. Kisha ingia Kisutu na mitaa ya nyuma ya Mnazi Mmoja, magorofa ya zamani yenye baraza za mbao na majina ya Kihindi na miaka imeandikwa juu kabisa, kwa gari huyaoni hata siku moja maana unatazama taa ya gari la mbele. Baiskeli unaegesha ukutani, unaagiza kahawa kikombe kidogo na kashata, wazee wa barazani watakuuliza umetoka wapi na hutaondoka mapema.

Kariakoo usiendeshe, sukuma. Na sokoni Feri usipite na baiskeli, yale maji ya samaki yanateleza kama sabuni, mimi nilianguka mbele ya wauza pweza, wakaniokota huku wananiuliza nanunua kilo ngapi.

Kwa dada zangu wanaosoma: dera hapana, hata ukilikusanya vipi litaingia kwenye spoku. Suruali, tisheti ya mikono mirefu, mtandio unabanwa nyuma. Maneno ya vijiweni yapo, ukipita kwa spidi yanaishia kwenye "dada una..."

MzeeWaSpoku
Dada umenena. Kijana, kuna kitu nimesahau. Kama tyubu ya hiyo baiskeli ina viraka, usijaze upepo mpaka iwe ngumu kama jiwe, na usiiegeshe juani. Lami na jua la hapa solusheni inalainika, kiraka kinatembea. Mimi yangu ilipasuka pale Coco imesimama peke yake, PAA, watu wamelala chini na mihogo yao.

Mgogo_Sinza
Wakuu nimerudi, niko hai.

Nilitoka kumi na mbili kasoro, binamu bado anakoroma. Tanzanite nimesukuma kama mzee alivyosema, sitaki hata kuelezea. Konda pia asante, Namanga ya huku Dar nimesikia "shusha" nikakanyaga chini, daladala ikaja kupaki palepale ambapo ningekuwepo.

Kahawa ya Kisutu ndo ilinila muda, nilikaa saa nzima, kuna mzee kanieleza Dodoma yetu kuliko ninavyoijua mimi. Kwa hiyo pantoni nimepanda saa nne na nusu na hapo nikaelewa habari ya kusi. Kutoka Feri ya Kigamboni kwenda Mjimwema ni lami safi lakini nilikuwa nakanyaga na sisogei, mwendesha guta kapakia magodoro ananipita huku anaimba. Nilitaka nifike mpaka Gezaulole maana niliambiwa ni Kizaramo, maana yake jaribu uone, nikasema basi jina langu hilo. Sikufika. Tairi la nyuma likaanza kuyumba, nashuka, kiraka kimetembea kweli, solusheni inavutika kama ubuyu wa sukari.

Kuna fundi chini ya mwembe, ana beseni la maji, msasa na tyubu kuukuu anayokata viraka. Kazamisha tyubu yangu akahesabu mapovu: "una vitundu vitatu, kimoja ni cha leo, viwili umekuja navyo". Buku jero. Baiskeli nilimwachia yeye nikaenda kuogelea, niliporudi kaniwekea kivulini na ile breki ya mbele inashika, hakuongeza hata mia.

Kurudi sikukanyaga. Kusi imenisukuma mpaka pantoni, na kwa Daraja la Kigamboni sikupita. Mihogo ya Coco nimekula saa kumi na moja na pilipili yake nikatoka machozi.

Swali la mwisho: tangu nitoke mchangani pedali ya kulia inalia kwa-kwa-kwa kila ikizunguka. Binamu hajajua bado. Nifanyeje kabla hajaamka kesho?

MzeeWaSpoku
Mchanga umeingia kwenye beringi. Usimwagie mafuta ya kupikia, nakujua. Peleka kwa fundi kabla ya saa moja, aifungue, aoshe na mafuta ya taa, aweke grisi mpya. Na cheni ifute leo leo, chumvi ya bahari hailali.