Mrejesho: yale makundi ya waombaji kazi

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga waombaji kazi kwa makundi yetu wenyewe kwenye Excel. Bosi hapa Moshi anataka ripoti ya walikosikia tangazo, na safu ya chanzo ilikuwa vurugu tupu: "wasap", "watsapu", "kaletwa na shemeji".

Nimefuata ule ushauri wa jedwali la pembeni: kushoto neno kama lilivyoandikwa, kulia kundi lake, halafu VLOOKUP (fomula inayotafuta neno kwenye jedwali na kuleta kundi lake) yenye FALSE mwishoni, yaani neno lifanane kabisa. Ilinigomea nusu siku. Kumbe "wasap" nyingine zilikuwa na nafasi tupu nyuma, haionekani kwa macho! TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, ikamaliza kazi.

Sasa pivoti (jedwali la muhtasari la Excel) inasoma makundi manne tu. Walioomba kazi ya upagazi karibu wote wameletwa na shemeji. Bosi kanuna, shemeji ni wake.