Nimeuziwa Levius iliyofungwa nyuma-mbele, halafu naambiwa sijui kusoma manga

Wakuu, salaam.

Nina hasira tangu Jumamosi. Nilijizuia kuandika nikiwa nimewaka, nikasema ngoja nimpe mtu nafasi ya kujieleza. Leo asubuhi kajieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonileta hapa. Jina la duka lake silitaji. Yuko Dar, ana ukurasa wake, anauza manga (katuni za Kijapani) na vitabu vingine vya katuni. Akipita kwenye uzi huu atajijua.

Nimeitafuta Levius, manga ya mchoraji Haruhisa Nakata, kwa muda mrefu sana. Kwa asiyeijua: ni karne ya 19 ya kubuni, mvuke kila kona, mji umetoka vitani na haujapona, na mchezo unaojaza viwanja ni ngumi za watu waliopachikwa viungo vya mashine. Mikono ya chuma, mabomba, mvuke unafoka kwenye viungo kila ngumi inapotoka. Levius Cromwell ni kijana ambaye vita vimemwachia mkono wa chuma na mama aliyelala hospitalini hajitambui. Ami yake, Zack, ndiye anayemlea na ndiye anayemnoa ulingoni. Niliijua kupitia anime (katuni ya video) ya studio ya Polygon Pictures, ile ya vipindi 12 iliyoingia Netflix Novemba 2019. Niliipenda, lakini kila aliyesoma kitabu aliniambia bado sijaona kitu, kwa sababu michoro ya kompyuta haijaubeba wino wa Nakata. Wino wake una ukungu. Sura za watu zinaonekana kama ziko nyuma ya kioo chenye jasho, halafu ghafla panatokea msumari au skrubu iliyochorwa kwa ukali kiasi cha kutaka kuigusa.

VIZ Media, wachapishaji wa Marekani, waliitoa kwa Kiingereza mwaka huohuo wa 2019, juzuu tatu za mwanzo zikiwa pamoja ndani ya jalada gumu. Ndicho kitabu nilichokuwa nakitaka. Huyu muuzaji akaniambia anacho, orijino, kimebaki kimoja. Shilingi 90,000 na nauli ya mzigo juu yangu. Nikatuma pesa kwa simu, mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaupokea stendi ya Kange Jumamosi jioni.

Si orijino. Ni karatasi za steshenari zilizochapwa kutoka kwenye faili, zikagundishwa mgongoni, zikavishwa jalada la karatasi ngumu ya kung'aa. Huo ni wizi, na pesa yangu naitaka. Lakini wizi wa aina hiyo wengi wenu mmeuona, sina jipya la kuwaambia. Kilichonichoma ni kingine.

Nilifika nyumbani, nikaosha mikono, nikakaa kukisoma hivyohivyo, maana nilikuwa na kiu nacho. Ukurasa wa kwanza sawa. Wa pili nikaanza kupotea. Mtu anajibu swali ambalo halijaulizwa. Mlango unafungwa kabla haujafunguliwa. Nikadhani kurasa zimeruka, nikahesabu namba, zote zipo. Nikafika kwenye pambano, pale penye mchoro mmoja mkubwa uliotandazwa kurasa mbili. Nikaelewa.

Naomba mniwazie hapo. Kwenye kitabu halisi, ukurasa wa kushoto una bondia anayepiga, mwili wote umelala mbele, mvuke unachomoka nyuma ya kiwiko. Mkono unavuka mkunjo wa kitabu na kutua usoni kwa mwenzake aliye ukurasa wa kulia. Kwenye kitabu nilichouziwa, mpigaji amekaa kulia na mpigwaji kushoto. Mkono wa chuma unakwenda kulia, unafika ukingoni mwa karatasi, unakatika. Anapiga hewa ya chumbani kwangu. Upande wa pili kuna mtu anarushwa kichwa na ngumi iliyochomoza kutoka nje ya kitabu, isiyo na mwenyewe. Wawili hao wamepeana migongo.

Kisa nini? Gundi imewekwa upande wa kulia. Kitabu kinafunguka kulia kwenda kushoto, kwa sababu huyu muuzaji anaamini kila manga inafunguka hivyo.

Manga nyingi ndiyo, ziko hivyo, na sababu ipo. Kijapani kwenye manga huandikwa wima: mstari unashuka kutoka juu, unaofuata unakaa kushoto kwake, kwa hiyo jicho linahama kutoka kulia na kitabu kinafunguka huko. Levius ya kwanza, yaani hizo juzuu tatu, haikuandikwa wima. Nakata aliiandika kwa mistari ya mlalo, na Kijapani cha mlalo huenda kushoto kwenda kulia kama haya maneno mnayoyasoma sasa. Kwa hiyo hata huko Japani kitabu kilifunguka kama daftari la shule ya msingi. Si kwamba VIZ walikigeuza kumrahisishia msomaji wa Marekani. Kilizaliwa hivyo, makusudi, na kila pambano limepangwa kwa mwelekeo huo.

Anayependa ngumi anajua maana yake. Ngumi ni upande. Nani katanguliza mguu upi, nani mashoto, nani anasukumwa kwenye kamba za upande gani. Mchoraji anayechora ulingo ana njia moja tu ya kukuambia nani anashinda: nani anakwenda na jicho lako na nani anakwenda kinyume chake. Ukigeuza kufungua, anayesonga mbele anaonekana anarudi nyuma. Kuna binti mle ndani, A.J., ambaye kampuni ya Amethyst imemgeuza silaha. Nguvu yake yote ni kwamba anakuja, anakuja, hasimami. Kwenye nakala yangu unafunua ukurasa na yeye anaondoka.

Nikamwandikia kwa adabu. Nikamwambia ndugu yangu, kwanza hiki si orijino, pili kimefungwa upande usio wake, tazama picha hizi. Siku mbili kimya. Leo ndiyo kajibu, nanukuu kama ilivyo: "Kaka manga inasomwa kutoka kulia, hujazoea tu, jifunze kwanza kabla hujalalamika."

Hujazoea tu.

Mimi nimekulia Tanga. Kabla sijashika kitabu cha darasa la kwanza nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chuoni na Juzuu Amma mapajani, nafungua kutoka kulia, mwalimu ananipiga kidole kila ninapotaka kuanzia upande mwingine. Kitabu kinachoanzia kulia ndicho kitabu changu cha kwanza maishani. Nina manga zaidi ya arobaini kwenye rafu, zote zinafunguka kulia, na sijawahi kupotea hata ukurasa mmoja. Mtu asije akanifundisha kulia na kushoto wakati yeye hajakifungua kitabu alichokiuza. Angefungua mara moja tu, kurasa kumi, angeona maputo ya maneno yanaanzia kushoto. Angeona mkono uliokatika.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu jambo hili halitaishia kwangu. Levius ilikuwa inatoka kwenye Ikki, gazeti la kila mwezi la Shogakukan. Ikki ikafungwa 2014. Hadithi ikahamia kwa Shueisha, kwenye Ultra Jump, mwaka 2015, kwa jina la Levius/est, ikafika juzuu kumi. Na ilipohama, ikageuka: maandishi ya wima, kufungua kulia. Maana yake mwenye seti nzima ana kitabu kimoja kinachoanzia kushoto na kumi zinazoanzia kulia, hadithi ileile, mchoraji yuleyule. Huwezi kuzipeleka zote steshenari na kusema "zifunge kama manga". Lazima mtu awe amesoma. Huyu bwana ametangaza kwamba mwezi ujao analeta seti yote. Kuna vijana watakaojinyima hela ya chakula kuzinunua, watasoma ile ya kwanza, hawataelewa kitu, watasema Levius ni takataka, mwandishi hajui kusimulia. Jina litakaloharibika ni la mtu aliyekaa miaka anachora kila skrubu.

Msiniambie "ni katuni tu, mkuu". Kuna mmoja ameshaniandikia hivyo pembeni. Ungeuziwa riwaya ambayo sura ya mwisho ndiyo ya kwanza ungesema ni riwaya tu?

Ninachotaka kutoka kwake ni vitu viwili. Arudishe shilingi 90,000 zote pamoja na nauli ya basi, kwa sababu alisema orijino na akaleta nakala ya kuchapisha. Na aandike kwenye ukurasa wake, palepale anapotangaza, kwamba Levius ya kwanza inafunguliwa kushoto. Hilo la pili halimgharimu senti.

Kwenu wadau ninaomba hivi: kama kuna mwenye ile ya VIZ ya jalada gumu, apige picha kitabu kikiwa kimefunguliwa, mgongo uonekane, na aiweke hapa. Picha moja tu. Nataka kila atakayetafuta jina hili aikute kabla hajatuma pesa.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mdau mmoja hapa chini ameshauri nimpelekee fundi wa vitabu akate gundi na kuihamishia upande wa kushoto. Ushauri mzuri, nashukuru, nimejaribu mwenyewe kwa zile kurasa mbili za ngumi kabla ya kuharibu kitabu kizima. Nimezikata kwa wembe, nikaziweka mezani bega kwa bega kama zilivyotakiwa kukaa. Hazikutani. Walipopitisha kitabu kwenye mashine ya kukatia karatasi kusawazisha kingo, walikata upande wa nje, na kwa kuwa walishageuza, upande wa nje ndiyo uliokuwa katikati ya mchoro. Kati ya kiwiko na ngumi kuna karibu sentimita nzima ya mkono wa Levius ambayo imebaki kwenye sakafu ya steshenari huko Dar.

Muuzaji ameniblock saa moja iliyopita. Namba ya muamala ninayo, risiti ya basi ninayo, na kesho asubuhi nakwenda nazo polisi.